Begi Jepesi

Begi la marehemu lilikuwa na uzito wa kilo tatu na robo. Kapteni Marlen Duysenbek alilipima mara mbili kwa mizani ya ndoano aliyoiazima kantini, ile ya kupimia nyama, kisha akalirudisha mezani pamoja na yale mengine matatu na kuandika. La mzee Arkadi Shelgunov, kiongozi wa msafara, kilo kumi na mbili. La Slava Li, daktari wa meno, kilo kumi. La Mama Kulyash, mwanamke wa miaka sitini na mmoja ambaye mgongo humuuma kila baridi ikiingia, kilo tisa na nusu. La Rustem, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye mabega ya mpiga mieleka, tatu na robo.

Nje mvua ilichanganyika na theluji tangu alfajiri, na moshi wa majiko ya makaa ulikuwa umeufunika mji hadi milima haionekani. Marlen hakuitamani. Alikuwa mmoja wa watu wachache Almaty wasiopenda kupanda, na jambo hilo lilimfanya aonekane mgonjwa mbele ya wenzake. Kila Jumamosi nusu ya mji hupanda mlima wa Tasbaka: wastaafu wenye magoti mabovu, walimu, wachumba, mama wa nyumbani na mbwa wao. Hutoka asubuhi na kurudi jioni. Watu hawafi Tasbaka, wanateguka vifundo vya miguu. Jumamosi iliyopita wanne walipanda na watatu wakarudi.

Sajini Bibigul aliingia na chai, akaangalia namba zilizoandikwa, akaiweka chai chini bila kuinywa. Yeye alikuwa mpandaji.

“Afande, huyu hakubeba kitu cha wote,” alisema.

Marlen alimtaka afafanue. Bibigul alieleza kwamba kabla ya safari yoyote, hata ya siku moja, watu hukaa na kupanga. Mmoja huwa mgavi. Mgavi ndiye anayehesabu mayai na vipande vya sukari, na ndiye anayeandika nani abebe nini: jiko, mtungi wa gesi, sufuria, mkate, kamba, sanduku la dawa. Hakuna anayepanda na vyake tu. Asiyebebeshwa kitu cha wote ni mgeni, au mgonjwa, au mtu aliyetukanwa.

Marlen alivitoa tena vitu vya Rustem kimoja kimoja. Koti la mvua, chupa ya chai, soksi, tufaha moja lililopondeka. Begi lilikutwa mgongoni mwake, zipu zimefungwa, mita mia mbili chini ya ukingo. Hakuna kilichomwagika. Katika begi la Slava mlikuwa na mikate miwili ya duara ambayo sasa ilikuwa migumu kama matofali, maana msafara ulivunjika kabla ya kula. Sufuria lilikuwa kwa Mama Kulyash. Kwa mzee Arkadi kulikuwa na kamba, mtungi wa gesi na jiko dogo la kukunja ambalo mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya wa shaba, kwa mkono wa fundi mvumilivu.

Simu ililia. Alikuwa Kanali, na hakusalimia. Alitaka faili la Arkadi liwe kwa mwendesha mashtaka saa kumi na moja jioni. Mzee yule aligombana na marehemu Alhamisi mbele ya mashahidi. Jumamosi alirudi nyuma peke yake katika ukungu, akakaa dakika kumi, akaja mikono mitupu. “Unataka nini zaidi, Marlen? Mlima uje hapa utoe ushahidi?”

Marlen alitazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu.

*

Arkadi Shelgunov aliletwa kutoka mahabusu akiwa hana mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa mjiolojia kabla ya kustaafu, na siku sita za ndani zilikuwa zimemmaliza. Midomo yake ilikuwa na rangi ya bluu. Daktari alikwishaandika kwamba moyo wake hautavumilia gereza, na Kanali alikwishaandika kwamba kila mtu ana moyo.

“Mligombania nini Alhamisi, mzee?”

“Saa ya kuondoka. Mimi nilisema saa kumi na mbili asubuhi. Yeye alitaka saa mbili, eti analala. Nikamwambia saa nane mchana mawingu yanakaa juu ya ukingo, na mlima utamfundisha adabu.” Alicheka bila furaha. “Ndiyo hiyo mliyoiandika. Kila kiongozi anasema hivyo. Mke wangu nilimwambia hivyo siku ya harusi.”

“Na dakika kumi?”

“Kulyash alinifikia akasema Rustem amebaki nyuma, ameomba apishwe kidogo ajisaidie. Tukangoja. Hakuja. Nikarudi. Sikuona hata mkono wangu mwenyewe. Niliita mpaka sauti ikaisha. Andika kwamba ni kosa langu. Niliwaongoza wanne. Kiongozi hana kisingizio.”

Marlen aliuona uso wake na akaamini kwamba mzee huyu angetia saini chochote, si kwa kuogopa bali kwa aibu. Jambo hilo lilimkera. Alimwuliza mstari ulikwendaje. Arkadi alisema yeye mbele, Slava wa pili, Rustem wa tatu, na Kulyash akifunga mstari, kama alivyofunga kwa miaka kumi na miwili.

“Kufunga mstari maana yake nini?”

“Kwamba nyuma yake hayupo mtu. Ukisimama, anasimama. Ukifunga kiatu, anangoja. Hampiti mtu hata akitukanwa.”

“Safari hii alimpita.”

Mzee alionekana kama mtu aliyesoma barua yake mwenyewe na kukuta neno ambalo hakuliandika.

“Kijana alimwomba,” alisema mwishowe. “Mwanamke hawezi kusimama pale.”

“Jiko hili ni la nani?”

Arkadi alisema ni la Rustem, na kwamba alilileta Alhamisi kwa sababu la Mama Kulyash lilikuwa likivuja. Marlen alitaka kujua kwa nini basi halikubebwa na mwenyewe. Mzee aliinua mabega. Orodha ilisema libebwe naye, na kwao hakuna anayebishana na orodha ya Kulyash. Mwanamke aliyelisha watoto mia mbili wa chekechea kwa miaka thelathini anajua kugawa.

Kisha, bila kuulizwa, alimtaja Yeldos. Alikuwa mtoto wa pekee wa Kulyash. Miaka sita iliyopita alipanda na Rustem mlima mwingine, wa mbali, wawili tu, majira ya baridi. Yeldos akavunjika mguu. Rustem akashuka kutafuta msaada, dhoruba ikafunga njia, waokoaji wakafika baada ya siku mbili. Jiko lao lilikuwa limeangukia bondeni siku iliyotangulia. Ndivyo Rustem alivyosema. Yeldos hakuwa na cha kuyeyushia theluji. Walimkuta na theluji mdomoni.

“Na mama yake hakumlaumu Rustem?”

“Amlaumu kwa lipi? Alimfanya mwanawe. Alikuwa akimpikia kila Jumapili.”

Marlen alilitazama jiko lile juu ya meza. Mzee naye alilitazama, lakini yeye aliona jiko tu.

*

Kwa Slava Li alikwenda mwenyewe. Daktari alimpokea kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, glavu bado mikononi, na alikuwa na wasiwasi wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu na polisi isipokuwa leseni ya gari. Alijaribu mzaha, kwamba Kapteni akifungua mdomo kwanza wataelewana. Marlen hakuufungua.

Alichosimulia Slava kilikuwa rahisi. Alhamisi walikutana jikoni kwa Mama Kulyash kupanga, wakala, wakabishana kuhusu saa, na orodha ikatumwa kwenye simu zao wakiwa mezani. Ndipo Arkadi alipokumbuka jiko linalovuja. Rustem akasema analo moja garini, la zamani, alilitoa barazani wakati akifanya usafi. Akashuka akalileta. Mama Kulyash alilipokea alifute vumbi. Alilifuta muda mrefu. Slava alikumbuka kwa sababu birika lilikuwa linachemka hadi kifuniko kinacheza, na yeye ndiye aliyeinuka kuzima.

“Alisema nini?”

“Alisema liacheni hapa, nitalisafisha vizuri. Basi.” Slava alivua glavu moja. “Kesho yake alfajiri akatuma orodha mpya. Aliandika nimebadilisha kidogo, samahanini.”

Marlen alimwomba simu. Orodha ya Alhamisi ilikuwa imeandikwa kwa unadhifu, kila jina na mzigo wake. *Rustem: mikate miwili, sufuria, mtungi wa gesi.* Orodha ya Ijumaa ilikuwa na unadhifu uleule. Mikate ilikwenda kwa Slava, sufuria kwa Kulyash mwenyewe, mtungi na jiko kwa Arkadi. Mbele ya jina la Rustem palikuwa na maneno mawili: *vitu vyake.*

“Hamkuuliza?”

“Tulimtania. Tulisema mtoto mpendwa amepewa likizo.” Slava alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. “Yeye mwenyewe alifurahi.”

Ilikuwa saa nane kasoro. Marlen alimpigia Bibigul amfuate na jiko.

*

Mama Kulyash aliishi ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, na harufu ya mafuta ya moto ilianza kwenye ngazi. Alifungua mlango akiwa na unga hadi viwikoni. Alikuwa akikaanga mikate myembamba ya Ijumaa, saba kwa idadi, kwa ajili ya marehemu wake, kama kila nyumba yenye marehemu. Hakushtuka kuwaona. Aliwaambia wavue viatu, wakae, wasikae karibu na dirisha kwa sababu lina upepo.

Marlen alikaa kwenye kiti kilichokuwa peke yake mwisho wa meza. Alipewa mkate, akaumega, maana hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayetoka nyumba ya watu bila kuonja mkate, hata awe na pingu mfukoni. Kipande kidogo kilianguka sakafuni. Mama Kulyash aliinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akakiokota, akakigusisha midomoni na kukiweka pembeni kwa ajili ya ndege. Alifanya hivyo bila kukatisha alichokuwa akisema, kwamba mzee Arkadi hamezi dawa zake akiwa na hasira na wamwangalie.

Juu ya meza, ukutani, ilitundikwa picha ya kijana aliyekaa palepale jikoni, koleo mkononi, akicheka. Mbele yake jiko dogo lilikuwa limegeuzwa miguu juu, na mguu mmoja uling’aa waya mpya wa shaba.

Marlen aliomba daftari la ugavi. Alipewa mara moja, na hata kwa fahari kidogo. Yalikuwamo maandishi ya miaka kumi na miwili, kila safari ukurasa wake. Alipekua taratibu, Bibigul akinakili. Rustem, mikate. Rustem, sufuria na mikate. Rustem, kamba, mtungi, mikate. Safari arobaini na moja alizopanda na kundi lile tangu msiba, hakuna hata moja aliyokwenda mikono mitupu. Akafika ya mwisho.

Alilitoa jiko kwenye mfuko na kuliweka chini ya picha. Kisha akamweleza kwamba ana haki ya kunyamaza, na ya kumwita wakili kabla ya swali lolote, na Bibigul akaandika kwamba ameelezwa.

“Wakili wa nini,” alisema Mama Kulyash. Aligeuza mkate uliokuwa kwenye mafuta. “Uliza, mwanangu. Mkate wako unapoa.”

“Ulilitambua Alhamisi.”

“Nililitambua kwa kidole kabla ya jicho. Ule waya ulinichoma. Yeldos hakuwa akikunja ncha, nilimwambia mara ngapi.”

“Rustem alisema liliangukia bondeni.”

“Alisema.” Alizima moto. Mikate ilikuwa sita na donge moja la unga lilibaki kwenye ubao. “Lilikuwa begini mwake. Aliogopa akashuka nalo, hakukumbuka. Kusahau ningemsamehe, nani hasahau? Lakini alifika chini, akalikuta, akajua. Waokoaji walikuwa bado hawajaondoka. Angewaambia mtoto hana jiko, bebeni maji, kimbieni. Akalificha, wakadhani mtoto analo; hilo la kuanguka bondeni alilisema baadaye, mtoto alipokwisha kukutwa. Halafu miaka sita anakula kwenye kiti hicho ulichokalia.”

Marlen hakuhama, ingawa alitamani. Alikuwa na mama yake mwenyewe upande wa pili wa mji, wa umri huohuo, na hakutaka kumfikiria sasa.

“Pale ukingoni ilikuwaje?”

“Alisimama kufunga kiatu. Nikasimama, mimi ndiye wa mwisho. Wengine wakapotea kwenye ukungu. Nikamwuliza, jiko lile ulilitoa wapi? Akasema, lile? La siku nyingi lile, mama. Kisha akainua uso.” Alifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. “Nilimwona anakumbuka. Alikuwa hata amelisahau, unaelewa? Alilitoa barazani kama takataka. Nikanyoosha mkono. Alidhani nataka kumshika, akanipa wake.”

Bibigul alikuwa ameacha kuandika, na Marlen ilibidi amwoneshe daftari kwa macho.

“Utasema ilikuwa hasira ya ghafla,” alisema Marlen. “Wakili atakuambia useme hivyo.”

“Nilitaka kumwuliza mahali ambapo hawezi kufungua mlango akaondoka. Ni hivyo tu.”

“Kuuliza hakuhitaji orodha mpya, mama. Uliiandika Ijumaa alfajiri. Ulikwishajua kwamba begi lile halitashuka, na ukatoa ndani yake kila kitu ambacho wenzako wangekihitaji wakikwama kule juu na baridi. Jiko, gesi, sufuria. Ukabeba sufuria mwenyewe na mgongo huo.”

Mama Kulyash alilivuta daftari, akavaa miwani iliyokuwa shingoni, akausoma ukurasa ule kuanzia juu hadi chini. Aliusoma kama mgavi, akitafuta palipopungua. Kisha akavua miwani.

“Mara moja nilishapata mtu aliyekosa maji ya moto,” alisema. “Nisingeweza kuwafanyia Arkadi na Slava hivyo.”

“Arkadi yuko mahabusu siku ya sita.”

“Najua.” Kwa mara ya kwanza sauti ilimpasuka. “Nilidhani watasema ameteleza. Watu huteleza. Kila asubuhi nasema leo watamwachia, leo watamwachia, nisiende polisi. Nilitaka arobaini ya Rustem ipite, mama yake hana wa kumpikia.”

Marlen alitoka hadi barazani, kwenye baridi, akapiga simu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Alimwambia Kanali kwamba faili la Shelgunov halitakwenda kokote, na kwamba mzee apewe dawa zake na kamba za viatu vyake. Kanali alianza kuuliza, akajibiwa kwa ufupi, akasema basi mlete. Chini uani watu wawili walikuwa wamesimama na mabegi mgongoni, wakitazama upande wa milima isiyoonekana na kuhesabu kitu kwa vidole. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Aliporudi ndani, Mama Kulyash alikuwa amemaliza kukaanga mkate wa saba. Aliifunika yote kwa kitambaa safi, akamwomba Bibigul ampelekee jirani wa chini agawe, akavaa koti. Alikagua vali ya gesi mara mbili. Alimpa Marlen daftari bila kuombwa. Hakuhitaji pingu, na Marlen hakuzitoa.

Mlangoni, Mama Kulyash akiwa ameinama kufunga viatu vyake vya mlimani, Marlen alimwuliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu kwa daktari wa meno. Halikuwa swali la kesi, na Bibigul hakuliandika.

“Ungemwachia ile mikate miwili, mama. Begi lingekuwa na uzito, orodha ingekuwa ya kawaida. Mimi nisingeona kitu. Mzee angefungwa, na wewe ungekuwa hapa.”

Alimwinulia uso. Palikuwa na mshangao usoni pake, na kidogo cha ukali, kama wa mtu aliyeulizwa upuuzi na mtoto wa watu ambaye alipaswa kufundishwa nyumbani.

“Mkate hautupwi, mwanangu,” alisema.